Alama Arobaini na Sita

Walinipa kazi ya chai. Kila matanga hapa mtaani Sherikat, Juba, tunayoyaita bika, lazima yawe na mtu wa chai, na msiba ukitokea watu hunitazama mimi kwanza, kwa sababu inajulikana mtaa mzima kwamba sina mahali pa kwenda. Duka langu ni dirisha la sebule yangu. Nikitaka kufunga biashara navuta pazia. Basi siku ile nilikuwa nyuma ya hema, nimeinamia sufuria la majani na tangawizi, ndugu yangu Lado amezikwa jana yake, na viti vya plastiki vimejaa hadi barabarani. Nilisikia kila kitu. Mwanamke mmoja alisema Lado alikuwa akimshika mtoto mkono kabla ya kumchoma sindano, akimsimulia habari za mbuzi fulani mkorofi, na mtoto alipokumbuka kulia sindano ilikuwa imeshatoka. Mwingine akasema ndiye daktari pekee aliyepata kumwuliza kama amekula. Yote hayo ni kweli, nami nilikuwa nayakubali huku nakoroga sukari. Kisha akasimama Ustaz Pitia, mzee wa koti la kijivu, ambaye zamani alikuwa msajili wa chuo alichosomea Lado, akaomba nafasi, akasema: "Huyu kijana alikuja kwetu na alama ya juu kabisa. Chuo yetu ilikuwa inachagua watu kidogo sana, na yeye tulimchagua bila ubishi."

Ustaz alijua kwamba si hivyo. Aliwahi kuniambia mimi mwenyewe, ana kwa ana, kupitia dirisha lenye nondo. Sijui kama amesahau au alimstahi marehemu, na pengine msibani hayo mawili ni kitu kimoja. Nilipompelekea glasi yake hakunitambua. Aliniuliza kwa upole kama mimi ni wa familia. Nikamwambia ni wa familia. Kutoka viti vya nyuma mtu akasema, "Huyo ni Sita-wa-Arbein," wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoishia puani, na Ustaz naye akacheka bila kujua anachochekea. Sita-wa-Arbein ni arobaini na sita kwa Kiarabu chetu cha Juba. Ndilo jina langu hapa. Lile la kuzaliwa, Wani, siku hizi nalisikia nikienda kanisani, na kanisani kwenyewe siendi sana kwa kuwa kuko mbali na kitanda.

Habari za wazazi wetu nitaziruka. Ni habari za vita na kambi, umeshazisikia, na wako wanaozisimulia vizuri kuliko mimi. Nitaanzia chumbani. Kilikuwa chumba cha mabati katika kiwanja cha Khalti Poni, mama yake Lado na dada ya mama yangu, kwa maana Juba dada ya mama ni khalti hata ukiwa unazungumza Kiswahili. Khalti alikuwa amerudi kutoka Uganda, sisi wawili tukarudi kutoka Kitale tulikomalizia sekondari, nchi ikiwa ingali mpya na kila mtu akiongea kama aliyeshinda kitu. Chumbani kulikuwa na vitanda viwili vya chuma vilivyokaribiana sana, hivi kwamba Lado akigeuka usingizini mimi ndiye niliyeamka. Mchana mabati yalilia kwa joto, na Lado alitoka kwenda kukaa chini ya kivuli cha jirani. Mimi nilibaki humo humo, nimelowa jasho kama samaki, kwa sababu kivuli cha jirani kilikuwa na watu. Khalti alipika chakula soko la Custom, akiwauzia wachuuzi wa Kiganda na Kikenya, na jioni alirudi na mabaki. Kwa hiyo meza yetu iliendeshwa na matumbo ya watu tusiowajua: wakiwa na hamu, sisi tunakula maharage, wakikosa hamu, tunakula nyama. Nilijifunza kuwaombea wachuuzi homa ndogo ndogo.

Nilitaka chuo kimoja tu, chuo cha matabibu. Vijana walikiomba kutoka nchi nzima, nacho kilichukua wale wanaoenea darasa moja. Lado alikuwa akinitania kwamba nimependa utabibu kwa sababu ni kazi ya kukaa ndani, watu wanakuletea shida zao wenyewe bila wewe kuvuka barabara. Hakukosea. Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia. Mwalimu wetu wa biolojia wa Kitale aliwahi kunipa moyo wa mbuzi nikaupasua mbele ya darasa, nikaonyesha damu inaingilia wapi na kutokea wapi, na kwa muda ule mfupi sikuwa mzaha wa mtu. Nilitaka kurudi pale. Sina njia nyingine ya kueleza.

Kasoro ilikuwa matokeo. Matokeo ya Lado yalilingana kama sakafu: D, D, D, D, D, kisha D mbili zenye alama ya kutoa. Yangu yalikuwa kama mdomo wa mzee, jino moja limesimama na lingine halipo. Kiswahili nilipata A. Biolojia A ya kutoa. Historia B. Dini nikapita. Halafu Kiingereza D ya kujumlisha, kemia D ya kutoa, na hesabu nikapata E, ambayo katika Kenya ni alama wanayokupa kwa kuwa umeandika jina lako. Huko Kenya kila somo lina pointi, A ni kumi na mbili na E ni moja, unajumlisha masomo saba, na mwenye nyingi ndiye bora. Mimi nilikuwa na arobaini na sita, pointi za kutosha mtu kushikana mkono na mwalimu mkuu. Lado alikuwa na kumi na tisa.

Siku niliyokwenda kuchukua fomu nilichukua mbili. Sababu ni ya kijinga na naiandika kama ilivyo: sikutaka kuvuka peke yangu daraja la Nile, linalotutenga na chuo, siku ya kuzirudisha. Lado hakuwa na haja na chuo. Alitaka kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, avae kile kizibao kinachong'aa na kuwapungia ndege mkono. Lakini mwendo hakuuogopa, na fomu ilikuwa ya bure, basi tukakaa kitandani tukajaza.

"Hapa kwenye jumla naandika nini?" akaniuliza.

"Jumla ya pointi zako, buda. Umesahau?"

"Sijasahau. Naona aibu."

"Andika tu. Hawatakuchukua hata ukiandika kwa wino wa dhahabu."

Akaandika kumi na tisa, kwa mwandiko mzuri sana. Lado alikuwa na mwandiko wa daktari wa uongo, wa kusomeka.

Orodha ya walioitwa kwenye usaili ilibandikwa ukutani mwa chuo asubuhi moja ya joto. Majina yalipangwa kwa jumla ya alama, na tulianza kulitafuta langu kutoka juu, la Lado kutoka chini. Hatukuona kitu. Halafu msichana mmoja aliyekuwa mbele yetu akaweka kidole kwenye jina la pili toka juu, akalisoma, na Lado akasema kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa, "Huyo ni mimi." Msichana akageuka akamtazama kwa heshima. Alikuwa amesomea Arua, Uganda, nikamjua kwa Kiswahili chake.

"Wewe ndiye wa kumi na tisa? Wewe iko na akili sana. Mimi nilipata ishirini na moja, na nilisoma mpaka macho inauma." Kisha akaniangalia mimi, kwa ukarimu, asije akaniacha nje. "Na wewe?"

"Arobaini na sita," nikasema, kifua mbele.

Alirudi nyuma hatua moja kana kwamba nimemkoholea. "Arobaini na sita? Malesh," akasema. Pole. Na alikuwa na huruma ya kweli, ndiyo iliyoniumiza.

Tulifika nusu ya daraja ndipo Lado aliposimama. Malori yalikuwa yanapita na chuma chote kikitetemeka chini ya miguu yetu. "Wani," akasema, "wale jamaa wamesoma kichwa chini." Nami nilikuwa nimeshaelewa tangu ile malesh, ila nilikuwa bado naikimbia. Uganda hawahesabu kama Kenya. Kule kila somo hupewa namba, moja ndiyo bora na tisa ni kuanguka, ukijumlisha, mwenye ndogo ndiye mshindi. Watu wa chuo karibu wote walikuwa wamesomea Uganda enzi za ukimbizi, wakatazama kisanduku cha jumla kwa macho ya Uganda, na vyeti vilivyobanwa nyuma ya fomu hakuna aliyevifunua. Kwa kanuni ile, kadiri ulivyofeli Kenya ndivyo ulivyong'aa Juba. Angekuwepo kijana mmoja wa Kitale aliyelala usingizi katika mtihani wote, wangempa udaktari papo hapo.

"Kesho nitarudi niwaeleze," nikasema.

Lado akakubali kwa kichwa. Tulitembea. Baadaye akasema, "Lazima uwaeleze," lakini alisema akiwa anatazama maji.

Jioni ile Khalti hakuleta mabaki. Alipika upya nyumbani, mulah ya nyama kavu, ile supu nzito ya karanga, na kisra nyembamba za mtama zilizokuwa bado na joto, akapanga vyote juu ya siniya moja, akaiweka kati yetu sisi watatu kwenye mkeka. Katika nyumba ya Khalti kulikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake, nayo haikuwa na msamaha: mwenye neno alitoe kabla ya kula. Mkono ukishaingia kwenye siniya, neno limekufa, na atakayelifufua kesho yake hali tena na wenzake. Nilikuwa nimewaona watu wazima, wenye ndevu, wanakaa mbele ya siniya mpaka mchuzi unapoa kwa sababu mmoja wao hajamaliza kusema.

"Wani," akaanza.

"Naam, Khalti."

"Lado ameniambia. Ile watu ya chuo wamesoma ya Kenya kama ya Uganda."

"Ndiyo, Khalti."

"Na wewe kesho unaenda kuwaambia."

Niliitazama kisra.

"Ukiwaambia, watakuchukua?"

"Labda."

"Labda. Na Lado?"

"Lado watamtoa."

"Hiyo ya Lado pia ni labda?"

"Hapana, Khalti. Hiyo ni hakika."

"Basi hapa iko labda moja na hakika moja," akasema, akavuta siniya sentimita chache kuelekea kwangu, kama mtu anayemsaidia mgeni. "Mimi hapana kulazimisha mtu. Kama uko na maneno, sema sasa. Sema mpaka uchoke. Baada ya mkono kuingia, kalas."

"Mama, mwache," akasema Lado.

"Wewe nyamaza. Wewe ndio hii nyama."

Ningependa kuandika kwamba niliwaza juu ya udugu, kwamba nilimwona Lado akiwa tabibu wa watu wote wale waliojaza hema juzi. Sikuwaza chochote cha namna hiyo. Niliwaza kwamba kitanda ninacholalia ni chake yule mama, na sufuria ni zake, na kwamba hakuna nyumba nyingine upande wowote wa daraja ambako nikibisha mtu atauliza jina langu kwa furaha. Pia nilikuwa na njaa. Mtu anayeandika kumbukumbu hatakiwi kuiacha njaa nje ya hadithi. Kisra ilikuwa inatoa mvuke. Nikanyoosha mkono. Khalti alinitazama mpaka tonge la kwanza lilipopita kooni, ndipo naye akala, na nakiri ilikuwa mulah tamu kuliko zote alizopika maishani mwake. Kwa hilo tu sijamsamehe.

Lado akaenda kwenye usaili. Walimwuliza angefanya nini ikiwa foleni ni ndefu na mwanamke amefika na mtoto anayechemka. Akasema angemwuliza mama mtoto amekula lini mara ya mwisho. Ustaz Pitia akaandika kitu, akamwuliza kwa nini, na Lado akasema hajui, ila nyumbani kwao ndilo swali la kwanza. Alinisimulia hayo akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameshangaa. "Buda, nilikuwa nasema ukweli tu," akasema. Wakamchukua.

Sasa mwaka wenyewe. Nimeupitia mara nyingi kuliko mwaka mwingine wowote, na kila nikiupitia naukuta uko ndani ya chumba kile. Kitabu chao cha mwili wa binadamu kilikuwa cha Kiingereza, Lado alikuwa na Kiingereza cha D, basi mimi mwenye D ya kujumlisha nikawa bingwa wake. Kila alasiri alirudi, akajinyoosha kitandani, nami nikakaa kwenye kitanda cha pili na kamusi, nikageuza kurasa zile kuwa Kiswahili, hicho Kiswahili changu cha A ambacho hapa Juba hakinunui hata kiberiti. Nilimtafutia maneno ya figo na nyongo na utando wa mapafu. Nilimwuliza maswali, akakosea, nikamrudia. Hadi leo ukiwa unasubiri chenji dirishani kwangu naweza kukutajia mifupa yote ya mkono uliounyoosha. Wateja hawapendi. Na kulikuwa na alasiri, siwezi kusema nyingi lakini zilikuwepo, ambapo nilisahau kabisa ni nani kati yetu anayesoma, mpaka aliposimama, akafunga kitabu, akakitia kwenye mkoba wake.

Siku moja niko ndani, nasikia Khalti anaongea na Mama Kiden, jirani yetu, ng'ambo ya ukuta wa matete. Naye alikuwa mrudi wa Uganda, mtu mzuri, mwenye sauti isiyojua kunong'ona.

"Na yule mwingine? Anashinda ndani tu?"

"Anashinda ndani."

"Hakuomba chuo?"

"Aliomba. Alipata arobaini na sita."

"Yesu. Arobaini na sita? Na kwa uso anaonekana ana akili."

Nilitega sikio. Khalti alikuwa anajua hesabu zote mbili, Lado alikuwa amemweleza siku ile ya siniya, angeweza kusema neno moja na kunirudishia kichwa changu. Nikasikia anapepeta mchele.

"Si wote," akasema. "Lakini anapika kwes, anapika mzuri. Na ugomvi hana."

Kufikia mwisho wa juma lile watu wa mtaa walikuwa wananiita Sita-wa-Arbein. Hawakuwa na ubaya. Walilitamka kwa mapenzi, kama unavyomwita mbwa mwenye miguu mitatu. Nami nikawa naitika, kwa sababu kueleza kungekuwa kufufua neno, na nilikuwa nimeshakula.

Ajabu ni Lado. Tangu utoto Lado hakupitisha saa bila kunitania: usingizi wangu, woga wangu wa kuvuka daraja, jinsi ninavyokunja nguo kama bi harusi. Mwaka ule aliacha. Aliniita Wani, jina kamili, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Mtaa ulipoanza lile jina la arobaini na sita, yeye hakulitamka hata mara moja, na aliyelitamka mbele yake alimgombeza. Akawa anashika ufagio kabla sijaushika. Alinunua sabuni akaniwekea mimi kwanza. Tukiwa wawili chumbani aliongea kwa uangalifu, akiyapima maneno, na nilimchukia kwa uangalifu ule kuliko nilivyomchukia kwa kile kiti cha chuoni. Sikumwambia aache. Nikijisema kweli, nilianza kuupenda. Nilikuwa na kitu ambacho hakuna aliyeweza kuninyang'anya: nilikuwa nimedhulumiwa. Watu wengine walikuwa na vyuo, mimi nilikuwa na dhuluma yangu, safi, iliyonikaa vizuri mwilini. Nilipokuwa nachambua maharage nilijiona tabibu aliyefichwa. Nilipomsikia Lado anakosea jina la mshipa nilitabasamu ndani kwa ndani kama mfalme aliye uhamishoni.

Chuo kilipofungua maombi ya mwaka uliofuata, ukutani palikuwa na tangazo jipya: waliosomea Kenya waandike hivyo juu kabisa, na alama zao zitasomwa peke yake, somo kwa somo. Mtu alikuwa amegundua. Nilisimama mbele ya tangazo lile nikalisoma mara mbili. Halikuwa jambo la kwenda kulalamika, wala la kumtoa mtu, siniya haikuhusika. Ilikuwa ni fomu mpya na mwaka mpya. Nilivuka daraja peke yangu kuichukua, nikavuka tena peke yangu kuirudisha, na mtu anayenijua ataelewa ukubwa wa jambo hilo.

Orodha ilipotoka sikuwemo. Safari hii sikurudi nyumbani kunung'unika. Nilikwenda kwenye dirisha la usajili, nikagonga nondo kwa ufunguo, na Ustaz Pitia, wakati ule ndevu zake bado nyeusi, akaja na faili langu mkononi. Nilimwambia nadhani wamekosea tena. Hakukasirika. Alilifungua, akaniwekea karatasi ya matokeo ielekee kwangu, na kidole chake kikapita juu ya kila mstari taratibu.

"Hapana, kijana. Hii tumesoma mara mbili. Mwaka jana ndiyo tulikosea. Watu ya Kenya tuliwageuza. Mwaka huu hapana." Kidole kikasimama. "Kiswahili hii ni nzuri sana. Biolojia nzuri sana. Lakini chuo yetu inaangalia tatu kwanza: hesabu, kemia, Kiingereza. Sasa ona."

Nikaona. Ni masomo matatu niliyoyaua kwa mikono yangu miwili.

"Mgonjwa hawezi kupona na Kiswahili," akasema kwa upole. "Lazima upime dawa. Unapimaje dawa na hii E?"

"Na mwaka jana?" nikamwuliza. "Kama mwaka jana mngezisoma hivi?"

Alifikiri, kwa haki kabisa, kama mtu anayetaka kunipa jibu zuri na anatafuta wapi aliliweka. "Pia hapana," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameona jina la Khalti kwenye fomu yangu, akauliza, "Wewe ni ndugu ya Lado? Yule tulimgundua muhula wa kwanza. Kumi na tisa ya Kenya. Tulikaa mkutano. Lakini wakati huo ameshajua kutafuta mshipa ya mtoto mchanga, na wenzake wa alama nzuri wanatetemeka. Nani atamtoa?" Akafunga faili. Akaniambia nirudie hesabu. Wote husema hivyo, rudia hesabu, kana kwamba hesabu ilikuwa imeniacha kwa bahati mbaya tu na sasa inanisubiri kituoni.

Nimekwambia mwanzoni kwamba alisimama kwenye hema akasema alama za juu kabisa. Sikumwona mnafiki. Ila nilipokuwa namimina chai ya pili niliimwaga kwenye trei, na mwanamke mmoja akaninong'oneza kwamba nilie tu, ndugu ni ndugu. Alifikiri ni Lado ninayemlilia, nami nilikuwa namlilia, lakini si wakati ule.

Siku ile ya dirisha la usajili nilirudi chumbani mchana. Lado alikuwa hajaenda zamu. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda chake, anapaka viatu rangi, miguu mitupu sakafuni. Alinyanyua macho.

"Wamesemaje?"

"Wamezisoma. Za Kenya, Kikenya. Somo kwa somo."

"Halafu?"

"Halafu hesabu, kemia na Kiingereza."

Brashi ikasimama. "Kwa hivyo hata mwaka ule."

"Hata mwaka ule."

"Hata kama ungeenda kuwaambia. Hata kama ningetolewa."

"Wangekutoa wewe na wasinichukue mimi. Nimemwuliza."

Lado aliweka kiatu chini polepole, kama kitu cha kioo. Nikayaona mabega yake yanashuka. Sikuwa nimejua kwamba yalikuwa juu. Nilikuwa nimeyazoea hivyo. Alivuta pumzi akaitoa yote, akajitupa chali kitandani, akaanza kucheka, mikono juu ya uso.

"Buda," akasema kutoka chini ya mikono. "Mwaka mzima nimekuwa nakuachia nyama."

"Nimeona."

"Ile ya mfupa. Naipenda ile ya mfupa." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakaa, akanitazama kwa macho mekundu ya furaha. "Kwa hivyo kiti hakikuwa chako."

"Hakikuwa changu."

"Wala changu," akasema. "Lakini mimi nimeshakikalia."

Akakiokota kiatu, akakitemea mate, akaendelea kukisugua, na baada ya kitambo akaanza kupiga mluzi, wimbo wa mabweni ambao sikuwa nimeusikia tangu Kitale. Nilikaa kwenye kitanda changu, magoti yetu karibu kugusana. Nilitaka kumkasirikia na nikatafuta pa kuanzia. Alimaliza kiatu cha kushoto. Akanyoosha mkono bila kunitazama, akasema, "Sita-wa-Arbein, nipe hicho kingine," nami nikainama, nikampa.